Makindu si Mahali pa Kupita Tu

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mji wetu wa Makindu ulikuzwa na wageni wa namna hiyo. Jina lake latokana na mikindu, na mto wake hupata maji kutoka vilima vya Chyulu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1898. Kalasinga waliofanya kazi relini wakajenga hekalu lao mwaka 1926. Hadi leo, awe tajiri au turnboi wa lori, mtu akivua viatu na kufunika kichwa hupewa chapati, dengu na chai, bure bilashi, bila kuulizwa dini wala kabila.

Tangu mwaka 2017 treni mpya ya abiria husimama Kibwezi na Emali. Sisi inatupita mbio! Wenzangu wengine husema eti mji umekwisha. Mimi nakataa katakata. Kwani mji ni stesheni? Mji ni watu wanaomjali mpita njia. Tukiacha hilo, hapo ndipo tutakapokwisha. Wasomaji wapenzi, mkipita barabara ya Mombasa, shukeni. Karibuni Makindu.