Mwaka Mmoja Katika Nyumba ya Mavyaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia kuukamilisha mwaka wa 1446 tukiwa hai na wazima. Mwaka huo, mimi na mume wangu tuliuanzia na kuumalizia Lamu, katika nyumba aliyoiacha marehemu mavyaa wangu mtaani Mkomani. Napenda kuwahadithia dada zangu habari zake, kwani nimejifunza huko mambo ambayo miaka 30 ya ndoa haikunifundisha.

Asili ya safari yenyewe ni urithi. Mume wangu alikuwa amestaafu, na binti yetu wa mwisho ameolewa. Wakati huo akatokea mnunuzi aliyeitaka nyumba ya Lamu kwa bei nzuri. Warithi ni wawili tu: mume wangu na wifi yangu, mjane anayeishi Malindi na kuwasomesha wanawe. Wifi alitaka iuzwe. Mume wangu hakutaka kusikia. Baada ya maneno mengi ya simu, wifi alisema: “Kaka, nakupa mwaka mmoja. Ukitimia, nataka haki yangu.”

Tuliondoka Mombasa alfajiri, mwezi wa Muharram. Tukapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako gari hukoma na mtu hupanda boti. Ilikuwa Julai, kusi limekaza, na ingawa kivuko ni kifupi tulifika tumelowa mabuibui na makanzu. Punda walikuwa wamepanga foleni gatini wakisubiri mizigo, kwani vichochoro vya Lamu ni vyembamba na hakuna gari liwezalo kupita. Mizigo yetu ilitangulia juu ya punda wawili, nasi tukaifuata.

Nyumba ni ya mtindo wa kale, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mbele ina daka lenye mabaraza ya kukalia wageni. Kiingilio chake kimekunjwa kona, ili mpita njia asione waliomo. Ukishapita unatokea kwenye kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, kisha misana mirefu iliyo myembamba. Wembamba huo una sababu: dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti ilivyo ndefu. Ndani kabisa ukuta umejaa zidaka, ambamo mavyaa alipanga sahani zake. Juu ya kichochoro lipo wikio linalotuunganisha na nyumba ya jirani. Zamani wanawake walipitia humo kutembeleana bila ya kushuka njiani.

Lakini tulipofungua mlango tulikuta popo, vumbi, boriti mbili zimeoza, na chokaa imebanduka ukutani.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizito. Mume wangu alizoea kuamrisha watu kazini, na sasa aliyebaki wa kuamrishwa ni mimi. Alikuja jikoni kunieleza namna ya kukuna nazi. Nami sikuzoea kuwa na mwanamume nyumbani tangu asubuhi hadi usiku. Tulikuwa tukigombana kwa mambo ya kuaibisha kuyataja.

Mwezi wa Safar alitaka ukuta wa msana umalizike upesi. Fundi mzee wa mtaani alimwambia, “Bwana, ukuta huu ni wa chokaa, usiutie saruji, utauziba pumzi.” Hakusikia. Ukuta ukapigwa saruji, ukapakwa rangi nyeupe, na kwa siku chache ukapendeza mno.

Mwezi uliofuata ulikuwa Rabi-ul-Awwal. Anayeifahamu Lamu anajua Maulidi ni nini kwa mji ule. Wageni huja kwa mamia kuelekea Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, na kila nyumba huwa na wageni wake. Sisi tulilaza jamaa 14, kutoka Pate, Faza na Mombasa. Matari yalisikika usiku hadi kwenye paa letu. Wageni waliusifu ukuta mweupe, na mume wangu akatabasamu.

Zikaja mvua za vuli. Chumvi na unyevu uliokuwa ndani ya mawe ukakosa njia ya kutokea, saruji ikavimba, na usiku mmoja ikaanguka kipande kizima. Nilingoja aseme neno, hakusema. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa yule fundi kumtaka radhi. Tangu siku hiyo alikuwa mwanafunzi wake. Alijifunza kuroweka chokaa na kuiacha siku nyingi, na kupaka tabaka nyembamba na kungoja ikauke ndipo apake nyingine. Kazi hiyo haikubali haraka, na mume wangu naye akawa mpole. Jikoni alikuja kuuliza, si kuamrisha.

Kaskazi lilipoingia, kila mmoja wetu alikuwa amepata la kumshughulisha. Yeye alinunua kidau kikuukuu, akakikalafati kwa pamba na kukipaka sifa, mafuta ya papa yaliyoninukia nguoni wiki nzima. Alitoka na kijana wa jirani kuvua kwa mshipi, akarudi na changu na tewa, siku nyingine na hadithi tupu. Mimi nilikaa na wanawake wa mtaani nikajifunza kudarizi kofia. Kila kitobo kidogo huzungushwa uzi kwa sindano, na kofia moja huchukua miezi. Yangu niliianza Jumada na kuimaliza usiku wa kuamkia Idd. Mume wangu aliivaa kwenda kuswali, na sidhani kama alitambua viua vilivyopinda.

Kwenye vikao hivyo vya kofia, mwezi wa Ramadhani, ndipo nilipoambiwa jambo lililonizindua. Nakiri kuwa moyoni nilitumaini wifi atasamehe fungu lake. Nilijiambia kuwa sisi ndio tunaoitengeneza nyumba, na yeye tayari ana nyumba yake. Jirani mmoja, akipeleka sindano bila ya kuinua macho, alinieleza jinsi wifi alivyokuwa akija kutoka Malindi kila mwezi, miaka miwili ya maradhi ya mama yake, akimwogesha na kumlisha. Mimi sikuyajua. Sisi tulikuwa tukituma pesa. Yeye alikuwa akija mwenyewe.

Nilimweleza mume wangu usiku ule, baada ya tarawehe, tukiwa juu ya paa. Alinyamaza sana. Kisha akasema, “Basi tuuze kiwanja.” Ni kiwanja chetu cha Mombasa, tulichokiweka kwa ajili ya uzeeni. Nilihisi uzito, siwafichi. Lakini nilisema ndiyo.

Wifi alikuja mwezi wa Dhulhija, kwa Idd. Watu wenye kujua bei walikuwa wameithamini nyumba, na mambo yakaandikwa mbele ya Kadhi: thuluthi yake yote, bila ya kupunguzwa gharama za ukarabati. Alipoipokea alilia. Alisema mwaka mzima alikuwa akihofia kuambiwa angoje tena. Halafu akazunguka chumba baada ya chumba, akipitisha kiganja kwenye chokaa mpya, na kabla ya kuondoka akatuomba jambo moja: “Chumba cha juu, alichofia mama, msinifungie.” Ufunguo wake anao mwenyewe.

Muharram mwingine umeingia, nasi tungali Lamu. Kiwanja hatuna, na boriti moja bado yatudai.

Dada zangu, wengi wetu tuna nyumba kama hii katika familia, na pengine ndani yake lipo fungu la dada au la shangazi ambalo watu wanaona haya kulitaja. Msimwache alidai kwa machozi. Mwanzeni nyinyi kumpa. Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na awarehemu waliotutangulia humo. Amin.