Kufundisha Istilahi za Tovuti kwa Wanafunzi Wanaoanza

Mwalimu wa shule ya msingi aghalabu hukabidhiwa kazi ambayo yeye mwenyewe hakufundishwa chuoni. Mwaka 2021, katika shule moja wilayani Biharamulo, nilikabidhiwa klabu ya TEHAMA kwa sababu moja tu: katika walimu wote wa shule ile, ni mimi niliyekuwa na kompyuta ya mapajani. Wanafunzi walikuwa 18, wa Darasa la Sita na la Saba, na kusudi letu lilikuwa kutengeneza kurasa chache za shule zitakazosomwa katika intaneti. Nakusudia kueleza jinsi nilivyowafundisha maneno ya kazi hiyo, na jinsi maneno mawili niliyoyafundisha vibaya yalivyomwumiza mtoto wa watu.

Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza. Niliandika ubaoni istilahi 12 na maana zake, wanafunzi wakanakili, na wiki iliyofuata nikawapa jaribio. Wote walifaulu. Nilifurahi mpaka nilipomwuliza mvulana mmoja kivinjari ni nini. Akajibu kwamba ni programu ya kufungulia kurasa za wavuti. Nikamwuliza, na wavuti je? Akasema ni mahali penye kurasa zinazofunguliwa na kivinjari. Maneno yake yalizunguka mduara, na mduara ule nilikuwa nimeuchora mimi kwa chaki yangu.

Tatizo la kwanza lilikuwa dhana yangu kwamba neno likiwa la Kiswahili basi limekwisha kujieleza. Wanafunzi wangu nyumbani husema Kisubi, Kisukuma, Kihaya au Kihangaza, na Kiswahili chao ni cha shule na cha sokoni. Kitenzi vinjari, chenye maana ya kuzungukazunguka huku na huko kama afanyavyo mlinzi wa doria, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisikia. Neno kikoa, linalotumika kwa sehemu ya mwisho ya anwani za tovuti, mathalani zile zinazoishia kwa go.tz za serikali au ac.tz za vyuo, lina maana ya zamani ya kula pamoja kwa zamu. Nalo pia lilikuwa geni. Lakini nilipotaja kiungo, mikono mingi iliinuka. Mmoja alisema ni kitu cha kutia katika mchuzi. Wa pili akasema ni goti. Wa tatu akasimama kwa kujiamini kabisa akasema, "Mwalimu, kiungo ni mchezaji wa katikati."

Darasa lilicheka, nami nilikaribia kumkosoa. Namshukuru Mungu sikumkosoa, maana jibu lake ndilo lililonisaidia kuliko yote. Kiungo hupokea mpira huku akaupeleka kule. Bila yeye mabeki na washambuliaji ni makundi mawili yasiyojuana. Kiungo katika ukurasa wa wavuti hufanya kazi hiyo hiyo: humtoa msomaji hapa akamfikisha pale. Siku ile tulibandika ukutani karatasi nne za manila, kila moja ikiwa ukurasa, tukafunga nyuzi za katani kutoka neno moja katika karatasi hii mpaka karatasi nyingine. Nilipowauliza ukuta wetu sasa unafanana na nini, mtoto mmoja ambaye baba yake mdogo ni mvuvi wa ziwani alisema, "Wavu." Basi neno wavuti likawa limefika bila mimi kulitaja.

Tofauti ya intaneti na wavuti, ambayo hata watu wazima huichanganya, niliieleza kwa barabara. Barabara ya Lusahunga hupitisha malori yaendayo Rwanda na Burundi, hupitisha mabasi ya Bukoba, hupitisha na baiskeli zilizobeba ndizi. Intaneti ni barabara; wavuti ni mzigo mmoja katika mizigo ipitayo humo, na barua pepe ni mzigo mwingine. Barabara ilikuwapo kabla ya mzigo huu. Aliyeubuni wavuti ni Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyeandika pendekezo lake mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na mji wa Geneva, kwa kuwa wataalamu wa pale walisumbuka kupata maandishi yaliyotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 kazi yake ilitangazwa kwa watu wa nje, na mwezi Aprili 1993 CERN iliiachia dunia nzima bila malipo. Wanafunzi walitaka sana kujua ni nani mwenye mali hiyo, na jibu kwamba hakuna anayelipwa kodi kwa kila ukurasa liliwastaajabisha.

Kwa HTML sikuhitaji kutafuta mbali. Hii si lugha ya kuiamuru kompyuta ipige hesabu. Ni lugha ya kutia alama, na kutia alama ni kazi ya mwalimu kila jioni. Niliwapa insha isiyo na mpangilio, nikawaambia waonyeshe kwa kalamu nyekundu kichwa ni kipi, aya zinaanzia wapi na kuishia wapi. Kichwa kikuu tulikiandikia h1, aya tukaiandikia p. Alama moja hufungua na nyingine hufunga. Tulipohamia kwenye kompyuta, msichana mmoja alisahau kufunga alama ya kichwa, na ukurasa wote ukatoka kwa herufi nene kubwa kama tangazo la mnada. Hakusahau tena.

CSS, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 na ikawa kanuni rasmi mwaka 1996, niliifananisha na sare. Mkuu wa shule hutoa amri moja paredi, na wote wa kundi lile huvaa rangi ile. Watoto hubaki wale wale. Hali kadhalika, agizo moja la CSS hubadili rangi ya aya zote bila kugusa maneno yake. Mfano huu una kasoro, kwani sare hununuliwa na kila mzazi, tena kwa taabu, ilhali agizo la CSS halimgharimu mtu. Wanafunzi waliiona kasoro hiyo kabla yangu.

Laiti ningeziona mapema kasoro za mifano yangu mingine.

Nilikuwa nimewaambia kwamba ukurasa wa wavuti ni kama ukurasa wa daftari. Kwa habari ya vichwa na aya mfano ulifaa. Sikufikiri kwamba ukurasa wa daftari husomwa na aliye nalo mkononi, basi. Walipotaka kujaza ukurasa wao wa kwanza, wanafunzi walichagua matokeo ya muhula ya Darasa la Sita: majina, alama na nafasi. Mimi nilisahihisha tahajia, nikaridhia, tukaupandisha. Matokeo hayo, nilijiambia, yalikwisha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Baada ya wiki mbili mama mmoja alibisha hodi ofisini. "Mwalimu," alisema, "kwamba mwanangu amepata tisa katika hisabati, nilijua. Uliniambia mwenyewe tukiwa wawili, tukakubaliana tutakavyomsaidia. Sasa mbona shemeji yangu aliyeko Mwanza ananipigia simu kuniuliza?" Shemeji huyo ndiye aliyekuwa akimlipia mtoto sare na madaftari, na sasa alisema hawezi kupoteza fedha. Mtoto alikuwa hajafika shuleni kwa siku tatu. Nami nilikuwa nimeandika katika daftari la mahudhurio kwamba ni mgonjwa.

Niliufuta ukurasa mbele ya macho yake. "Nimeufuta, mama," nikasema. Kesho yake alirudi, hakukaa. Shemeji alikuwa ameupiga picha na kuupeleka katika kundi la ukoo kwenye simu. Kwangu mimi kufuta kulikuwa kufuta: nikipitisha dasta ubaoni, hakuna mwanafunzi, awe wa mbele au wa nyuma, anayeendelea kuliona neno lile. Hilo lilikuwa kosa langu la pili.

Mwalimu mkuu nami tulikwenda nyumbani kwao mara mbili. Mtoto alirejea siku ya nane. Shemeji hakurudisha msaada wake, na madaftari ya muhula uliofuata aliyanunua mama kwa kuuza kuku. Wakati ule Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa haijatungwa. Ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Lakini siwezi kujikinga kwa tarehe hizo. Sheria au hapana, yalikuwa mambo ya mtoto.

Tangu hapo sifundishi neno seva kwa maana iliyoandikwa ubaoni. Naligeuza darasa kuwa masijala, kama ile iliyoko katika ofisi ya wilaya. Mwanafunzi mmoja ni karani, ana jalada lenye ukurasa mmoja. Wengine hutoka nje na kuingia mmoja mmoja, kila mmoja na kipande cha karatasi chenye anwani ya ukurasa autakao. Karani hatoi ukurasa wenyewe. Hunakili na kutoa nakala. Wakishapita saba, namwamuru karani achane ukurasa ulio ndani ya jalada. Kisha nauliza, "Ni nani bado anao?" Mikono saba huinuka. Hapo ndipo nasema kwamba karani ni seva, mletaji wa anwani ni kivinjari, na kwamba kufuta ni kuchana kile kilichomo jaladani tu.

Katika andalio langu la somo nimeongeza safu moja ambayo haimo katika kielelezo tulichopewa chuoni. Juu yake nimeandika: mfano unaishia wapi. Kila ninapoandika kwamba kitu hiki ni kama kile, sina ruhusa ya kuingia darasani kabla sijaijaza safu hiyo. Huniongezea dakika kumi za matayarisho, na wakaguzi wawili wameniuliza ni ya nini.

Klabu bado ina kurasa zake. Zina ratiba ya kengele, majina ya miti iliyopandwa uwanjani, na maelezo juu ya boma la Wajerumani lililoko mjini. Kabla ya kupandisha ukurasa wowote nauliza swali moja: ni nani atakayeusoma? Muhula uliopita walitaja wazazi, mwalimu mkuu, wanafunzi wa shule jirani. Kisha msichana mmoja wa Darasa la Sita, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema, "Mtu tusiyemjua, Mwalimu." Nikaliandika jibu lake ubaoni, nikamwita karani wa siku ile mbele, tukaanza.