Kozi kwa Video: Nasi Tusikilizwe

Katika promosheni yetu tumegawanyika juu ya masomo kwa njia ya video. Wengine husema ni maendeleo. Wengine husema si masomo, ni sinema. Kwetu Bukavu ubishi huu si wa anasa. Toka uwanja wa ndege wa Kavumu ufungwe Februari 2025, profesa mgeni wa Kinshasa hana njia nyepesi ya kutufikia. Bila video, kozi yake inabaki kwenye ratiba tu.

Mimi naiunga mkono video, kwa sababu moja kubwa. Zamani profesa mgeni alimaliza kozi nzima kwa siku chache, kutwa nzima ubaoni, halafu akapanda ndege. Tulinakili bila kupata nafasi ya kuelewa. Kwa video anaweza kufundisha saa mbili kila juma, nasi tukasoma na kujadiliana kabla ya somo linalofuata.

Lakini sisi ni wanafunzi wa lugha, na lugha huingia kwa sikio. Sauti s na f hutofautiana hasa katika masafa ya juu. Simu ya kawaida hupitisha sauti hadi hezi 3400 hivi, ndiyo maana "sisi" huweza kusikika "fisi". Mtandao ukidhoofika, na sauti ya video ikibanwa, hasara ni hiyo hiyo. Somo la fonetiki linawezaje kusimama hapo?

Tena kuna kimya. Picha hula mega nyingi kuliko sauti, kwa hiyo mwanafunzi hufunga kamera, halafu hufunga na mikrofoni. Profesa anauliza, "Mmeelewa?" Hakuna anayejibu, naye anaendelea. Wapo wanaokiita kimya hicho uvivu. Mimi nakiona ni hesabu ya mfuko.

Naomba kitivo kitukusanye katika ukumbi mmoja, mbele ya skrini moja na vipaza sauti vizuri, umeme ukiwa umeandaliwa. Asistanti akae kati yetu, akusanye maswali na kuyafikisha kwa profesa. Mifano ya matamshi irekodiwe kando na kutumwa kabla ya somo. Na mwisho wa kila saa, wanafunzi wawili watatu waeleze kwa mdomo walichoelewa, profesa akisikiliza.