Kijana Aliyesoma "Dada" Penye "Baba"

Mwaka uliopita, katika darasa letu la Komunyo ya kwanza karibu na Moba, kando ya ziwa Tanganyika, kulikuwa na kijana wa miaka 11. Sala zote alizijua kwa moyo, na maulizo ya katekisimu aliyajibu kuliko wenzake. Lakini tulipompa kitabu, alinyamaza, jasho likamtoka. Siku moja tukamwamuru asome mbele ya wote. Penye "baba" akasoma "dada". Watoto wakacheka, nasi, twaungama, tukacheka pamoja nao, kisha tukamwita mvivu. Kesho yake hakuja, wala wiki ile yote.

Mama yake ndiye aliyekuja. "Mwalimu, mtoto huyu kila jioni anakaa na kile kitabu hata taa inazimika. Kama huu ni uvivu, bidii ni nini?" Hatukuwa na jibu.

Katika seminari tulifundishwa Kilatini cha kutosha. Juu ya mtoto wa namna hii hatukusikia neno. Basi tukatafuta. Shida yake inaitwa disleksia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri, asiyeweza kujifunza kusoma. Mwalimu wake alisema angewashinda wote kama mafundisho yangekuwa ya mdomo tu. Macho ni mazima, akili ni nzima; kazi ngumu ni kuunganisha sauti na herufi zake. Tena shida hii mara nyingi hufuata jamaa. (Baba ya kijana wetu naye aliacha shule katika mwaka wa pili. Hakuna aliyemwuliza sababu.)

Maria Montessori, daktari wa Italia, alifundisha kwanza watoto waliosemwa hawafundishiki. Katika nyumba ya watoto aliyoifungua Roma mwaka 1907, waligusa kwa vidole herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Msasa hatuna, lakini mchanga wa ziwa hauuzwi. Kijana akaandika b kwa kidole mchangani, akitamka sauti yake: ba, be, bi, bo, bu. Wiki mbili, b peke yake. Ndipo d. Kumfundisha zote mbili siku moja ni kumtega.

Tena tulianza kwa Kiswahili, ingawa wazazi wengi wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza. Katika Kiswahili o ni o siku zote. Kifaransa huiandika sauti hiyo o, au, hata eau. Mtoto anayechechemea asipandishwe kwanza mlima mkali.

Komunyo aliipokea pamoja na wenzake. Hatukuona sababu ya kumngojesha kwa ajili ya herufi. Na tukitaka asome mbele ya watu, tunampa ukurasa siku mbili mbele.

Hata leo anasoma polepole. Akifika penye b anasimama, anaiandika kwa kidole juu ya paja lake, ndipo anatamka. Wenzake wawili watatu wameanza kumwiga, nao hawana shida yoyote ya kusoma.