Histogramu Ilinidanganya: Kamera Ninayoitaka

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Kazi ilinimeza, halafu tukapata msiba, na msiba huo ndio chanzo cha makala haya.

Kwa wageni: naishi Kiuu, hapa Githurai 45, upande wa Ruiru. Jumatatu hadi Ijumaa naandika programu za kompyuta. Jumamosi napiga picha za harusi, ruracio na mahafali. Kamera yangu ni moja ya hizi za kisasa zisizo na kioo. Zile za zamani zilikuwa na kioo kilichopeleka mwanga kwenye tundu la kuchungulia. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, kikaondolewa. Sasa sensa inaona mbele muda wote, na wewe unatazama kiskrini kidogo. Yaani kamera imekuwa kompyuta yenye lenzi. Shikilia hilo, tutalirudia.

Desemba iliyopita tulikuwa na ruracio ya binamu yangu. Shosho wetu alikaa ndani ya hema, kivulini, na kitambaa cheupe kichwani, jua kali likiwaka nyuma yake. Nikapiga. Kwenye skrini kitambaa kikaanza kumetameta, onyo kwamba mwanga umezidi na hakuna kitu kitakachookolewa pale. Histogramu nayo ilikuwa imegonga ukuta wa kulia. Nikaifuta ile picha, nikapunguza mwanga kwa stopu mbili, yaani robo ya ule wa kwanza, nikapiga tena. Uso wake ulitoka na giza, lakini nikajiambia, nitaupandisha nyumbani.

Mwezi wa nne shosho akatuacha. Mama akaniambia, "Ile picha yako ya kamera kubwa ndiyo tuweke kwenye programu ya mazishi." Nilikesha siku mbili. Kila nikipandisha uso, unajaa madoadoa ya zambarau. Mwishowe tulichapisha picha ambayo binamu alipiga kwa simu. Mama hakusema kitu. Afadhali angesema.

Baada ya mazishi nikafanya kile ambacho mwandishi wa programu hufanya: nikafungua faili ghafi nisome namba. Sensa yangu inatoa biti 14, kwa hivyo inahesabu hadi 16,383. Sehemu angavu kabisa ya kile kitambaa ilikuwa karibu 2,900. Zidisha kwa nne, ile robo niliyoikata, unapata 11,600. Mnaona? Picha niliyoifuta haikuwa imeungua hata kidogo. Nafasi ilikuwepo. Kamera ilinidanganya.

Kwa nini? Kwa sababu histogramu ya kamera nyingi haisomi data ya sensa. Inasoma picha ya JPEG ambayo kamera imeshajipikia: imeongeza utofauti wa mwanga na giza, imezidisha nyekundu na bluu ili nyeupe ionekane nyeupe, kisha imebana yote katika ngazi 256. JPEG inaweza kuungua wakati faili ghafi bado inapumua. Ukipiga JPEG tu, onyo hilo ni sahihi. Ukipiga faili ghafi, unaongozwa na picha ambayo wala hutaitumia.

Sasa tuje kwenye orodha yangu.

1. Histogramu ya data ghafi. Hili si jambo la kuomba muujiza. Mwaka 2009 walianza mradi wa Magic Lantern, programu huria ya kuongeza uwezo wa kamera za Canon, na baadaye ukaleta histogramu ya aina hii hii kwenye kamera za enzi ya kioo. Watu wa nje, bila kusaidiwa na kiwanda! Wakati huo huo wapiga video wanapewa kila kitu: Panasonic GH5 ya 2017 ina grafu ya kupimia mwanga wa video, na Canon R5 ya 2020 inarekodi 8K. Sisi wa picha mnato tunaomba grafu moja ya kweli.

2. Kipima mwanga kinachojua ngozi yetu. Kamera za leo zinatambua uso na hata jicho. Lakini kutambua uso si kujua unatakiwa kuwa na mwanga kiasi gani. Kipima mwanga cha kawaida huvuta kila kitu kuelekea kijivu cha kati. Mweusi mbele ya hema jeupe anazama gizani, na ukipima uso wake peke yake anapaushwa. Historia hii ni ndefu: tangu miaka ya 1950 maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Kwenye simu, Google walilishughulikia kwa jina la Real Tone katika Pixel 6 ya 2021. Mimi nataka niiambie kamera, "uso wa huyu uwe hapa," na ikumbuke siku nzima.

3. Nafasi mbili za kadi hata kwenye kamera za bei nafuu. Nikon Z6, Z7 na Canon EOS R za 2018 zote zilikuja na nafasi moja. Z6 II ya 2020 ikarekebisha. Arusi hairudiwi, jamani.

4. Mlango wazi kwa waandishi wa programu. Sony waliwahi kuruhusu programu ndogo ndani ya kamera, kuanzia NEX-5R ya 2012, kisha wakaziacha kwenye mifano mipya. Leo Sony na Canon wanatupa vifaa vya kuiendesha kamera kutoka nje, lakini ndani hatuingii.

Ukinipa la nne tu, hayo mawili ya kwanza nitayaandika mwenyewe, usiku, baada ya kazi. Hesabu ya namba moja ni ile niliyoifanya juu ya kitambaa cha shosho, ila ifanyike kabla sijafuta picha.

Kwa sasa, ushauri wangu kwa mnaopiga faili ghafi: shusha utofauti wa picha hadi chini kabisa kwenye menyu, histogramu itakaribia ukweli. Kitu kikimetameta usifute. Punguza mwanga hatua kwa hatua, weka picha zote, mtahukumu nyumbani.

Na mpige wazee wenu mapema. Tuonane makala ijayo.