Kutoka Kwale Hadi Kongo kwa Baiskeli



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii twawaletea habari ya safari fupi isiyohitaji pasi wala tiketi. Tuliianza juu kwenye vilima vya Kwale, tukaimaliza penye mlango wa mto Mwachema, Diani, na chombo chetu kilikuwa baiskeli. Tulikuwa watu saba: dada wawili, wifi yetu, mabinti watatu wanaosoma, na kaka yetu, ambaye ni mume wa mmoja, ndugu wa wawili, na baba au mjomba wa waliobaki. Hivyo suala la mahram lilikwisha kabla hatujafunga mizigo.

Suala lililobaki lilikuwa la Bibi. Jioni ya Ijumaa, alipoziona baiskeli zimeegemezwa ukutani, aliuliza, "Mabinti wakubwa kama hawa juu ya baiskeli, watu watasemaje?" Hakuuliza kwa ukali. Kaka alimjibu kwa upole kwamba nguo zitakuwa za stara, njia itakuwa ya mashambani, na tutakuwa pamoja mwanzo hadi mwisho. Bibi akanyamaza. Nasi tuliolelewa naye twajua kuwa kunyamaza kwake si kukubali.

Nguo tulizitayarisha kwa makini. Madera tuliyapunguza urefu yakavaliwa juu ya suruali pana, miguu ya suruali tukaifunga kwa mpira, na mitandio tukaibana kwa pini ili upepo usiichezee. Mabuibui yalibaki nyumbani, kwani cheni ya baiskeli haichagui kitambaa. Tulichukua pampu, viraka na gundi, tende, mahamri, na chupa mbili za maji kwa kila mtu.

Baada ya sala ya Alfajiri tulipanda matatu Ukunda, baiskeli zikiwa zimefungwa juu ya paa, tukapita Tiwi na Kombani, kisha gari likaanza kuukwea mlima. Mji wa Kwale umekaa juu ya ukingo wa vilima vya Shimba, kiasi cha mita 400 juu ya bahari, na asubuhi hiyo ulikuwa bado umejifunika ukungu. Aliyezoea joto la Ukunda hushangaa kuona watu wa Kwale wamevaa sweta. Ukungu ulipofunguka kidogo, tuliiona bahari mbali chini yetu, imelala kama ukanda wa rangi ya samawati.

Msitu wa Shimba ulianza kuhifadhiwa kisheria mwaka 1903, na mwaka 1968 ukatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Ndiyo pekee katika Kenya nzima anapopatikana palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kuelekea mgongoni. Ndani ya hifadhi hatukuingia, maana humo mna ndovu na nyati, nao hawampishi mpanda baiskeli. Tuliutazama msitu kutoka nje, na kaka akawaeleza mabinti jambo ambalo hata baadhi yetu watu wazima hatukuwa tumelitia maanani.

Alisema kwamba miti ile hukinga mvua na ukungu kutoka baharini, maji yakazama taratibu katika udongo wa kichanga, kisha yakatokea tena chini kuwa chemchemi na mito. Chemchemi za Marere, zilizomo humo humo Shimba, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu zama za ukoloni. Mji wa Mombasa, uliozungukwa na maji ya chumvi, hunywa maji ya wageni: kutoka Marere, kutoka visima vya Tiwi, kutoka Mzima kule Tsavo, na kutoka Baricho penye mto Sabaki. Hivi sasa kuna pia mradi wa bwawa la Mwache, upande wa Kinango, lililokusudiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, na Mombasa ni miongoni mwa watakaoyatumia maji hayo. Binti yetu mdogo aliuliza, "Basi watu wa Kwale wao hunywa ya wapi?" Kaka alisema tutaona njiani.

Tuliteremka upande wa Golini, tukaiacha lami na kushika njia za mashambani. Njia zenyewe ni za udongo mwekundu mwanzoni, zimechimbwa na mvua, na katikati yake mna mfereji mwembamba uliochorwa na maji. Ukiliingiza gurudumu la mbele ndani ya mfereji huo, litakupeleka litakako. Tulijifunza kubana breki ya nyuma kwanza, kuinuka kidogo kwenye kiti, na kutazama mbali badala ya kutazama gurudumu. Miembe na mikorosho ilitukinga jua. Kwenye vivuko vya vijito tulishuka na kusukuma. Wifi yetu alianguka mara moja mchangani, na alikuwa anacheka kabla hatujamfikia.

Kwenye kijito kimoja magurudumu yalishika tope zito. Mabinti, kwa furaha yao, walifungua chupa wakaanza kuosha cheni na spoki, kisha wakarushiana maji yaliyobaki. Sisi wakubwa tulikuwa tukiwatazama, na hatukuwakataza. Tulijua kwamba kule chini madukani maji yanauzwa.

Hatukwenda mbali tukamkuta msichana wa umri wa binti yetu wa kati, kama miaka 13, akiisukuma baiskeli kupanda mlima. Ilikuwa baiskeli ya zamani ya chuma, ile nzito isiyo na giya. Alikuwa amefunga mitungi mitatu ya lita 20, miwili ubavuni na mmoja juu ya keria, yote imejaa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala chini kabisa. Mwiba ulikuwa umempata.

Alituamkia, "Shikamooni," nasi tukaitika. Kaka akamwomba ruhusa amtengenezee. Tulimsaidia kuteremsha mitungi, kaka akaitoa tyubu na kuijaza upepo. Sasa, kila aliyewahi kuziba pancha anajua kinachofuata: tyubu hutumbukizwa majini ili tundu lijulishe kwa mapovu. Kaka akanyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Nipeni chupa moja ya maji."

Hatukuwa na maji. Chupa za mabinti zilikuwa tupu, na zetu tulikuwa tumekwisha kuzinywa tukitaraji kununua mengine mbele.

Yule msichana hakusema neno. Alifungua mtungi wake mmoja, akachukua kibakuli kilichokuwa kimefungwa kwenye usukani, akamimina. Kaka akaizungusha tyubu kidogo kidogo mpaka mapovu yakatoka, akaweka alama, akakausha, akabandika kiraka. Tulipokuwa tukiokota vyombo, mmoja wetu alikiinua kibakuli kumwaga yale maji, ambayo yalikuwa yameingia vumbi. Msichana akamzuia kwa adabu. "Hayo ni ya kuoshea vyombo," akasema. Akayahifadhi katika chupa ndogo aliyoitoa kwenye mfuko wake.

Tukiwa tunangoja gundi ishike, binti yetu mkubwa alimuuliza ni nani aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Akajibu kwamba hakufundishwa na mtu. Alianza na mtungi mmoja, kisha miwili, na sasa ni mitatu. Jumamosi huenda kisimani mara tatu kabla ya kwenda madrasa, na siku za shule huenda mara moja alfajiri. Leo, kwa ajili ya mwiba ule, angechelewa chuoni. Binti yetu akamuuliza tena, "Na watu hawasemi kitu?" Msichana akamtazama kama aliyeulizwa jambo geni. "Waseme nini?" akauliza.

Tulimfungia mitungi, kaka akamsukumia baiskeli mpaka mahali palipo tambarare, kisha msichana akapanda na kwenda zake, mgongo umenyooka, bila kuyumba, na lita 60 nyuma yake. Mabinti zetu walimtazama mpaka akapotea kwenye mikorosho. Tukaendelea na safari, na kwa muda mrefu hapakuwa na aliyezungumza.

Kuanzia Kombani kuelekea Tiwi udongo hubadilika. Wekundu huisha, mchanga mweupe huanza, na chini yake kuna mwamba wa matumbawe. Mwamba huo na mchanga wake ndio unaohifadhi maji ya visima vya Tiwi. Tuliwanunulia mabinti maji dukani, nao wakayanywa bila kubakisha. Minazi ikaongezeka, harufu ya bahari ikatufikia, na miguu ikapata nguvu mpya.

Tulikuwa tumepanga kuvuka mlango wa Mwachema kwa miguu, baiskeli mabegani, kama wafanyavyo watu maji yakikupwa. Lakini tulichelewa, na bahari haikutungoja. Tulipofika, maji yalikuwa yamekwisha kujaa na mto umepanuka. Tukarudi barabara kuu, tukavuka darajani, na kuingia Diani kwa nyuma. Yule msichana alichelewa chuoni kwa sababu ya mwiba, nasi tukachelewa kivuko kwa kumsaidia. Hatukujuta.

Msikiti wa Kongo umesimama karibu na mahali mto unapokutana na bahari, katikati ya mibuyu mikubwa. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na hadi leo unasaliwa. Tulifika wakati wa Adhuhuri. Pale bombani tuliwaona mabinti wetu watatu wakitawadha. Hakuna aliyewaambia lolote. Walifungua maji kidogo, wakajaza viganja, wakafunga, wakapaka, wakafungua tena. Tangu utotoni wamefundishwa kuwa israfu ya maji imekatazwa hata kwa mwenye kutawadha kando ya mto unaopita. Siku ile walikuwa kando ya mto unaopita.

Wiki iliyofuata tulikwenda upande wa kusini, na safari hii Bibi alikubali kuja kwa gari na kutukuta Gazi. Huko nako maji ya Shimba yanashuka. Mto Mkurumudzi, ukitoka vilimani, umezuiliwa njiani na bwawa lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 8.4, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya titani uliofunga uchimbaji wake mwishoni mwa mwaka 2024. Kisha mto huendelea hadi ghuba ya Gazi, ambako pamoja na mto Kidogoweni hulisha mikoko. Njia za huko ni tambarare na zinawafaa wanaojifunza.

Gazi kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, linalosimamiwa na akina mama wa kijiji. Kuna pia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013: wanakijiji wa Gazi na Makongeni huitunza mikoko, huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yake hutumika katika mambo ya kijiji, yakiwemo maji safi na shule. Tulimweleza Bibi haya tukiwa tumekaa kivulini, naye akafurahi kusikia kwamba miti imeleta bomba.

Ndipo binti yetu mkubwa alipomsimulia habari ya yule msichana na kibakuli chake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi tulibeba kichwani. Kutoka kisimani mpaka nyumbani, kwenda na kurudi, na hakuna aliyeuliza watu watasemaje, maadamu tulirudi na maji." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Haya, wacheni wapande. Lakini wajue njia ile ni ya nani."

Kwa familia zitakazopenda kuijaribu safari hii, twatoa nasaha chache. Ondokeni mapema, kwani jua la saa tano halina huruma. Mwulizeni mwenyeji wa Kwale kuhusu njia, naye atawajulisha iwapo ndovu wameonekana nje ya ua wa hifadhi. Jueni saa za kupwa na kujaa kabla ya kuufikia mto. Wapisheni wanaopanda na mizigo, kwa sababu wao ndio wenye njia, shukeni ikibidi. Chukueni viraka zaidi ya mnavyohitaji. Na chupa moja ya maji isifunguliwe mpaka mmefika, kwani hujui ni nani atakayeihitaji.

Kaka yetu amerudi Golini mara mbili tangu siku ile, akiwa na tyubu mpya na viraka, lakini hajabahatika kukutana na yule msichana. Vitu hivyo vingali katika mkoba wa baiskeli. Nasi hapa nyumbani, mtu akiuacha mfereji wazi, mabinti husema neno moja tu: "Kibakuli." Basi huenda akaufunga.

Twamwomba Allah azibariki mvua za vilima vyetu, awape wepesi wanaoyabeba maji, na atujaalie tuwe wenye kushukuru neema kabla haijaondoka.

Wabillahi tawfiq.