Maji ya Baba Yalipita, Yetu Yanazunguka

Bwawa la samaki lililo nyuma ya nyumba yetu, huku Bigwa chini ya milima ya Uluguru, limechimbwa mara mbili. Mara ya kwanza alilichimba baba kwa jembe na sururu, enzi zile serikali ilipokuwa ikiwahimiza wananchi wafuge samaki. Mara ya pili tumelijenga sisi wanawe, kwa saruji, nailoni nzito, mawe na pampu ya umeme. Wageni huuliza kwa nini bwawa la kitoweo limewekewa maporomoko ya maji kama bustani ya hoteli. Jibu lake ni refu, maana linaanzia kwenye kijito ambacho leo hakitufikii tena.

Ufugaji wa samaki nchini ulianza kwa majaribio ya perege kule Korogwe na Malya mwaka 1949. Mwaka 1967 ikaja kampeni ya kitaifa, watu wakachimba kwa ari kubwa. Kufikia mwaka 1968 mabwawa yalikuwa yamefika kama 8,000, lakini si yote yaliyokuwa na samaki. Mengine yalikuwa madogo mno, mita 20 za mraba. Mengine yalikauka kiangazi, na mengine yaliachwa kwa sababu wenyewe hawakuwa wamefundishwa matunzo. La baba lilikuwa miongoni mwa yaliyodumu, na kilicholidumisha ni maji.

Baba alikuwa amechepusha maji kutoka kijito kilichopita juu ya shamba. Mfereji wake ulizunguka kando ya migomba, ukaishia kwenye mwanzi uliopasuliwa katikati, na kutoka kwenye mwanzi ule maji yaliruka na kuangukia bwawani, usiku na mchana. Yaliyozidi yalitokea upande wa pili, yakanywesha magimbi, kisha yakarudi kijitoni. Hakuna aliyelipia hata tone. Tulikua tukilala na mlio wa maji yale, na sisi watoto tuliamini kwamba kila bwawa duniani lina sauti.

Alfajiri, tulipotumwa kumwaga pumba, tuliwakuta perege wamejikusanya pale pale maji yanapoangukia, vichwa vimeelekea kwenye povu. Niliwahi kumuuliza baba kwa nini hawatawanyiki. Akanijibu, "Samaki naye anapumua, mwanangu. Pale ndipo penye hewa." Hakuwa na elimu ya mambo hayo, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Mimea midogo inayoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani hutoa hewa ya oksijeni mchana kwa nguvu ya jua. Usiku haitoi, bali nayo huivuta kama samaki. Kwa hiyo saa ngumu kuliko zote bwawani ni za kabla ya jua kuchomoza. Maji yanayoanguka hupasuka vipandevipande, kila kipande kikagusa hewa na kushuka nayo chini.

Bwawa lile halikututajirisha. Perege huanza kuzaa wangali wadogo, na jike huyatunza mayai mdomoni mwake, kwa hiyo vifaranga wengi hupona. Ukifuga madume na majike pamoja, bwawa hujaa samaki wengi waliodumaa. Tulivua wa ukubwa wa kiganja, mama akawakaanga wakavu, tukala na ugali. Hata hivyo hakuna sikukuu iliyotukuta bila kitoweo, na majirani waliokuja kuomba hawakurudi mikono mitupu.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Huko juu misitu ilizidi kurudi nyuma, bustani za mboga zikapanda miteremko, nyumba zikaongezeka, na kila nyumba ikavuta bomba lake. Kwanza kijito kilipungua kila kiangazi. Baadaye mfereji ukawa unapitisha maji wakati wa masika tu. Mwanzi ukaoza, na hapakuwa na sababu ya kuukata mwingine. Maji yaliyobaki bwawani yalisimama, yakawa mazito, na asubuhi samaki wakaonekana wakihema juu juu, midomo nje. Kambale waliokuwa humo ndio waliokufa mwisho, kwa kuwa wao wanaweza kupumua hewa ya kawaida. Kisha likabaki shimo lenye magugu, na viluwiluwi wa mbu wakastawi mahali ambapo zamani wangeliwa na samaki.

Baba alipofariki tulikaa kikao cha familia. Wengine walitaka shimo lifukiwe, pajengwe vyumba vya kupangisha. Mimi nilisimamia bwawa, na nilikuwa na hoja mbili: wajukuu wapate kujua samaki anatoka wapi, na nyumba isikose kitoweo chake. Kurudi kwenye kijito halikuwa jambo la kujadili. Kuchepusha maji leo kunataka kibali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji kuwa eneo la kuhifadhiwa. Nakubaliana nayo kabisa. Maji ya Uluguru ndiyo yanayoingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mfereji mmoja wa baba haukumdhuru mtu, lakini milima haiwezi kubeba mifereji ya kila mtu.

Basi tuligeukia paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati, hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua nzuri ya milimita 20 hukusanya lita 2,000. Bwawa jipya lina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kina cha mita 1, yaani lita kama 24,000. Masika ililijaza, na matangi huongezea kinachopotea kwa jua. Lakini mvua haitiririki kila saa kama kijito. Ilibidi maji yale yale yazungushwe.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana hodari, amezoea bustani za kifahari. Nilipomwambia nataka maporomoko, akaanza kunionyesha mawe ya rangi na taa. "Mama, wageni wakikaa hapa jioni utayawasha, wakiondoka unazima," akasema. Nikamwambia, "Mwanangu, wageni wangu wako ndani ya maji, na wanayahitaji zaidi wewe ukiwa umelala." Alinyamaza kidogo, kisha akaweka picha zake mfukoni, tukaanza upya.

Kazi yenyewe ilinifunza kuheshimu mafundi. Maji ya maporomoko hupenda kupenya nyuma ya mawe, na usipoyazuia bwawa hushuka kila siku bila wewe kuona linapovuja. Kwa hiyo nailoni ilitandikwa kwanza, kutoka juu kabisa mpaka ndani ya bwawa, bila kiungo, ndipo mawe yakapangwa juu yake. Jiwe la mwisho, ambalo maji huliacha ili yaanguke, lilimchukua fundi muda mrefu kuliko mengine yote. Alitafuta jiwe bapa, akalilaza limeinama mbele kidogo tu, akamimina ndoo ya maji, akatazama. Maji yalipojikunja na kurudi chini ya jiwe, akalitoa na kuligonga ukingo kwa nyundo mpaka ukawa mkali. Akamimina tena. Safari hii yalitoka yametandazika kama kitambaa, yakaanguka mbali na ukuta. Akaligandisha kwa saruji bila kusema neno.

Nyuma ya jiwe hilo kuna sanduku la zege lililojazwa changarawe. Pampu huvuta maji kutoka sehemu yenye kina, huyapitisha kwenye changarawe, kisha yanaanguka. Ndani ya changarawe hukaa bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, ikawa kitu ambacho mimea inaweza kukitumia. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kustawi, kwa hiyo samaki huongezwa kidogo kidogo. Saruji mpya nayo huchoma samaki kwa chokaa yake. Tulilijaza sanduku maji na kuyamwaga mara kwa mara kabla ya kuliunganisha na bwawa.

Umeme ndio gharama ambayo baba hakuijua. Pampu ya wati 100 ikifanya kazi saa 24 hula uniti 2.4 za Luku. Wapo wanaozima usiku ili kubana matumizi, na asubuhi wanakuta samaki wameelea. Ukitaka kupunguza, zima mchana jua linapowaka na maji ni ya kijani. Usiku usiguse. Na kwa kuwa umeme hukatika, tunafuga wachache, wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, ili wakose maporomoko kwa muda bila kufa.

Sasa tunafuga sato, vifaranga madume watupu kutoka kwa wazalishaji, hivyo hawajazani na wanakua wakubwa kuliko perege wetu wa zamani. Faida nyingine ya maji yanayozunguka ni kwamba hayana njia ya kutokea. Sato akiingia mtoni huchanganya mbegu na perege wa asili wa mito yetu, na hasara hiyo hairudishwi.

Kwa hiyo wewe unayefikiria bwawa nyuma ya nyumba, anza na maji: yatatoka wapi, yatasafishwa na nini, na yataangukia wapi. Yapatie mahali pa kuanguka, hata kimo cha goti kinatosha, na uyaache yaanguke usiku kucha. Mawe ya rangi utayanunua baadaye, ukipenda.